Sketi ya shule inapokaa upande

Mara nyingi anayegundua wa kwanza ni fundi cherehani. Binti anajaribu sare mpya, pindo la sketi limepanda upande mmoja. Linafumuliwa, linashonwa tena, bado. Ndipo mama anamleta kwetu, wataalamu wa mazoezi ya tiba hapa Mtwara mjini, na neno lake ni lile lile: “Kila siku namwambia akae wima, hasikii.”

Mama, hajakaidi. Skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda kwenda kando huku pingili zikijizungusha, kwa vijana wengi haina chanzo kinachojulikana. Hailetwi na begi zito wala kukaa vibaya. Na siyo kibiongo. Kibiongo huinamia mbele. Skoliosisi hujitokeza zaidi mtoto anaporefuka kwa kasi, na kwa wasichana ndiko mpindo huwa mwepesi wa kuongezeka.

Mpime nyumbani. Asimame mgongo wazi, miguu sambamba, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, kisha ainame polepole kama anayeokota korosho. Wewe kaa nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimenyanyuka kuliko za pili, nendeni mkapige eksirei. Mpindo wa nyuzi 10 na kuendelea ndio huitwa skoliosisi. Ukifika 25 na mtoto bado anakua, daktari wa mifupa huzungumzia mkanda mgumu wa kiwiliwili. Ukipita 45 au 50, hujadiliwa upasuaji, na hapo jiandaeni kwa safari ya Dar es Salaam.

Sisi kazi yetu ni kufundisha. Binti anasimama mbele ya kioo mpaka ajue mwenyewe mwili wake unaegemea wapi, maana kwake kupinda ndiko kunyooka. Anajifunza kuvuta pumzi ijae upande uliobonyea, njia aliyoianzisha Katharina Schroth kule Ujerumani miaka ya 1920. Kisha tunahamia kwenye ya nyumbani: namna ya kukaa mkekani, kuinua ndoo. Ndiyo, ndoo abebe, na netiboli acheze. Anayekuahidi kuunyoosha mgongo kwa kuukanda, mwombe eksirei ya kabla na ya baada.

Maumivu ya usiku, ganzi au miguu kulegea, anzeni hospitali, siyo kwetu.

Akina baba hupenda kusema tusubiri hela ya korosho. Minada huanza Oktoba. Mtoto hasubiri mnada kurefuka.