Barua kwa mwanangu: jina la mabuyu lisikilize kwanza

Mwanangu,

Lebo zimependeza, lakini usizipeleke kwa mchapishaji bado. Cheti ulichopata kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ni cha jina la biashara tu. Chakufaa benki na kwenye leseni ya kaunti. Hakimzuii mtu wa Mombasa mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, kudai pakiti zako ziondolewe madukani.

Sasa hilo jina lenyewe ulilochagua, Zuhra. Majina hayapimwi kwa kuhesabu herufi. Huulizwa mnunuzi mwenye haraka, anayeagiza kwa mdomo dukani, atakumbuka nini. Kwa sikio la Malindi, Zuhra na Zuhura ni mamoja. Kuongeza u hakukuokoi. Hata maana hutazamwa: Nyota na Najma, yaani nyota kwa Kiarabu, zaweza kugombana, ingawa herufi ziko mbalimbali. Wala usikimbilie "Mabuyu Matamu ya Malindi" ukadhani umesalimika. Neno linaloieleza bidhaa, au jina la mji, ni vigumu kulihodhi, maana kila muuzaji analihitaji. Jina la kikoi tunachovaa nusura lihodhiwe hivyo: kampuni ya Uingereza iliomba kusajili "Kikoy" huko kwao, Wakenya wakapinga, ombi likafa.

Lipia upekuzi KIPI kwanza, fomu TM 27, daraja la 30. Daraja ni kundi la bidhaa, na hilo ndilo la peremende na vitu vitamu. Ikiwepo Zuhra ya sabuni, hiyo ni daraja la 3, huenda msigusane. Ikiwepo Zuhra ya kashata, mtagongana tu. Likipita, jaza TM 2, fomu ya kuomba usajili. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida lao, na kwa siku 60 yeyote aweza kuweka pingamizi. Hapo ndipo watu hulia, kwa kuwa pakiti elfu tano zimeshachapishwa. Chapisha chache. Usajili hudumu miaka 10, kisha unahuishwa. Na ile R ya ndani ya duara, inayosema alama imesajiliwa, usiiweke kabla ya cheti cha KIPI. Ni kosa kisheria.

Barua ya wakili wa mtu anayedai jina ni lake ikija, usiitupe wala usijibu kwa hasira. Tazama nambari ya usajili, daraja, tarehe. Ikiwa wewe ulikuwa ukiuza kwa jina hilo mfululizo kabla mdai huyo hajalitumia wala kulisajili, sheria inakukinga, ila lazima uthibitishe: risiti za mchapishaji, ankara za maduka, picha za pakiti zenye tarehe. Anza faili leo.

Nitumie majina mengine matatu, kwa sauti, si kwa maandishi. Nitayasikiliza kama mteja.

Mamako