Barua kwa mwanangu aliyeacha nafaka

Mwanangu,

Jana simu ilikatika kabla sijakuuliza nililotaka kukuuliza, nikalala nalo. Ulisema huu ni mwezi wa pili unakula nyama na mayai tu, nafaka umeacha, maharage umeacha, hata matunda, na kwamba umepungua kilo sita. Mdogo wako alisikia hizo kilo akafurahi. Mimi nilisikia lile ulilolipitisha haraka haraka, kwamba choo unapata mara mbili kwa wiki. Bado ni hivyo? Nijibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti, na mpaka leo najivunia. Basi soma na wewe. Nyama haina nyuzinyuzi, yale makapi ya mmea tusiyoweza kumeng'enya, hata gramu moja. Yai halina. Maziwa hayana. Ziko kwenye mimea tu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Zako ni ngapi? Jumlisha mwenyewe.

Uliniambia kitu kisichomeng'enywa hakina faida. Ni kweli tumbo letu haliziwezi nyuzinyuzi. Lakini kwenye utumbo mpana kuna bakteria wanaozila, na wakizila hutoa asidi ya butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Hao ndio unaowalaza njaa huu mwezi wa pili. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa, hatari yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 hadi 30: ya kufa mapema, ya maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili, na saratani ya utumbo mpana. Unajua kwa nini mkono wangu ulisita hapo.

Baba yako alipenda vyeupe na laini. Miaka yote nilimtafutia unga uliokobolewa, na tufaha nilimmenyea. Daktari alisema sababu huwa nyingi, wala hakuna aliyeninyooshea kidole. Ila nilimmenyea. Na wewe juisi nilikuchujia mpaka ikawa maji matupu, makapi nikamwaga, nikiamini nakutunza.

Kwa hiyo usiniambie nakuingilia. Sikukatazi nyama. Nataka tu karibu yake kuwe na kitu chenye ganda. Kikombe kimoja cha dengu zilizochemshwa kina kama gramu 15 za nyuzinyuzi, hapo umeshavuka nusu ya zile 25. Shayiri nayo ina beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi inayoshusha kolesteroli. Lakini usianze kwa pupa kama ulivyoianza hiyo nyama! Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na maji unywe, la sivyo tumbo litajaa gesi, utasema mama kaniponza, utaacha. Maharage yaloweke usiku kucha, yale maji uyamwage. Tunda kula zima.

Ukiona damu chooni usingoje kuniambia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hata ikiwa kidogo. Hata ukiona aibu.

Bomba la jikoni linavuja tena, nimelifunga kitambaa mpaka fundi aje Alhamisi. Koti lako uliliacha nyuma ya mlango, mdogo wako analivaa kila siku na mfuko mmoja umeshachanika. Ukilihitaji sema, nilishone nikutumie. Karatasi za bima nimeziona, zilikuwa kwenye droo ya baba yako.

Leo piga baada ya saa mbili usiku, nitakuwa nimeshatoka kazini. Choo, mwanangu. Nitakuuliza hilo hilo.

Mama yako