Kwa wanangu wa uzamili na uzamivu: kabla hamjatuma makala jaridani

Wanangu mnaosomea Kiswahili katika vyuo vyetu,

Nawasalimu nyote. Kufundisha nimeshastaafu, ila wahariri hawajanistaafisha. Bado wananiletea miswada niipitie, na mingi ni yenu. Naijua hata kabla sijaisoma. Umetetea tasnifu, msimamizi amekuhimiza utoe makala, tangazo la kazi linadai machapisho, basi ukachukua sura ya nne, ukaibandika utangulizi, ukatuma. Mhariri anairudisha wiki hiyo hiyo, na wewe unadhani utafiti wako umedharauliwa. Mara nyingi utafiti ni mzuri kabisa. Shida ni kwamba uliyotuma ni tasnifu iliyokonda.

Tasnifu huandikiwa mtahini, na mtahini hana budi kuisoma mpaka mwisho. Tena anataka kuona kwamba umesoma. Msomaji wa jarida hana deni nawe. Akifika ukurasa wa tano bado unamweleza maana ya fasihi, anakwenda zake.

Kwa hiyo chagueni jambo moja. Tuseme tasnifu yako ilihusu maandishi ya kwenye daladala za Dar es Salaam. Humo mna dhamira, mna mtindo, mna mitazamo ya abiria, mna jinsia. Makala haiwezi kubeba vyote. Labda kilichokusisimua ni methali zinazoandikwa nusu, abiria akaachiwa aimalizie mwenyewe. Hiyo ndiyo makala yako! Kila kisichoitumikia hoja hiyo kitoke, hata lile jedwali lililokunyima usingizi. Lakini msije mkavuka mpaka wa upande wa pili: kuna wanaochukua tokeo moja wakalikata vipande vitatu, majarida matatu, ili wapate alama za kupandishwa cheo. Wahariri wanasomana, na wapitiaji ni wale wale.

Nadharia ndipo miswada yenu inaponichosha. Kurasa nne za Saussure na Peirce, waasisi wa nadharia ya ishara, alizaliwa lini, mihimili ya nadharia ni mitano, halafu uchambuzi unaanza na hakuna anayewakumbuka tena wazee hao. Mimi hufanya jaribio dogo: naifunika sehemu ya nadharia, nasoma uchambuzi peke yake. Nisipoona pengo lolote, nadharia hiyo ilikuwa pambo. Leteni dhana mbili tatu mnazozitumia kweli, mzieleze pale pale zinapofanya kazi.

Mapitio nayo yasiwe orodha ya mahudhurio, fulani anasema hivi, fulani naye anasema vile. Wapangeni kwa hoja: nani wanakubaliana, wanagombania nini, wewe unaingilia wapi. Na ile sentensi mnayoipenda, kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kuchunguza mada hii, iandikeni kwa woga. Huenda aliyewahi kuichunguza ndiye anayekupitia. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linatokana na taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kuna mambo yaliyojadiliwa humo kabla wazazi wenu hawajazaliwa, na si yote utakayoyapata kwa kubofya simu. Nendeni kwenye rafu za maktaba.

Kwenye mbinu, semeni mlichofanya: njia zipi za daladala, magari mangapi, miezi gani, nani aliyenukuu rekodi. Elezeni kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi, yaani COSTECH kwa mliofanyia Tanzania au NACOSTI kwa mlio Kenya, na namna mlivyopata ridhaa ya watoa taarifa. Picha yenye namba ya gari au sura ya kondakta ifichwe.

Marejeleo mnayachukulia kama kazi ya kuvizia usiku wa mwisho. Mpitiaji mzoefu huanzia huko. Nimeona "TATAKI (1981)" mara nyingi mpaka nimeacha kushangaa. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizaliwa mwaka 2009. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, na toleo la pili la 2004, ni za TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoitangulia, na toleo la tatu la 2013 ndilo la TATAKI. Mtu akikosea hapo, najiuliza kama kitabu chenyewe alikishika au alinakili orodha ya mwenzake.

Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, iandikwe mwisho. Iseme ulichokigundua, si kwamba "makala hii inajadili". Jarida likitaka na ya Kiingereza, msiiachie mashine ya kutafsiri kisha mkaituma bila kuisoma, maana kwa msomaji wa mbali huenda hiyo ndiyo pekee atakayoielewa.

Suala la majina ni gumu na wengi wenu mnaogopa kuliuliza, basi niliseme mimi mwenye mvi. Miongozo ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo wengi nje ya tiba wameifuata, inamtaka mwandishi awe amechangia kwa uzito katika utafiti, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne. Msimamizi aliyefanya hayo ni mwandishi mwenza, mpeni haki yake. Ambaye hakuyafanya atashukuriwa kwenye shukrani. Shikamoo haimwingizi mtu kwenye orodha ya waandishi. Zungumzeni naye mapema, kwa adabu, kabla mswada haujakamilika.

Majarida mengi hupitisha mswada bila majina. Ondoeni jina lenu, shukrani, na sentensi kama "katika tasnifu yangu nilionesha". Fungueni pia sifa za faili. Kompyuta huandika jina la mwenyewe humo kimyakimya. Kwenye barua ya mhariri peke yake ndipo mseme kwamba makala imetokana na tasnifu iliyoko kwenye hifadhi ya chuo, ili programu ya kukagua wizi wa kitaaluma isiwaumbue bure.

Barua pepe inayokuita profesa mashuhuri na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tatu ukishalipa, ifuteni. Anzieni AJOL (African Journals Online), tovuti inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, kisha someni matoleo mawili ya karibuni ya jarida mlilolichagua. Msipoona makala hata moja inayozungumza na yenu, hapo sipo.

Tumeni jarida moja tu, mtunze namba ya mswada. Miezi mitatu ikipita kimya, mwandikieni mhariri mistari miwili ya kuuliza. Hatakasirika, pengine bado anamsubiri mpitiaji kama mimi.

Mzee wenu,
mpitiaji asiyestaafu