Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuelezwe kabla ya kusaini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua nilizokuandikia kwa faragha hazikujibiwa, na yaliyomfika dada yangu wiki iliyopita yamenimaliza subira.

Fomu ya ridhaa aliletewa akiwa juu ya machela, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. "Saini hapa." Akasaini. Hakuna aliyemwambia kwamba hatapewa nusu kaputi bali sindano ya mgongo, kwamba atakuwa macho, na kwamba ganzi huondoa maumivu lakini mtu anaweza kuendelea kuhisi akiguswa na kuvutwa. Alipohisi mikono tumboni mwake aliamini dawa imekataa. Akapiga kelele, akakaripiwa. Baadaye kichwa kikawa kinamuuma kila akiinuka, akalia akidhani uti wa mgongo umeharibiwa. Kumbe maumivu hayo yanajulikana baada ya sindano hiyo, na yanatibika. Maneno ya dakika chache tu, Mheshimiwa, alinyimwa!

Wodini humo mama mmoja aliahirishiwa upasuaji kwa sababu alikunywa maziwa asubuhi. Aliambiwa asile, hakuambiwa sababu. Angejua kwamba mtu akiwa usingizini vilivyomo tumboni vinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na kwamba hilo linaua, asingeyagusa. Wengine nao kwa woga hukaa bila tone la maji tangu jioni, ilhali kwa kawaida mtu mzima huruhusiwa maji matupu hadi zibaki saa 2 kabla ya dawa ya usingizi.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, inaanza na mgonjwa: kabla ya dawa ya usingizi athibitishe jina lake, sehemu atakayopasuliwa, upasuaji wenyewe na ridhaa yake. Asiyejua anafanyiwa nini atathibitisha nini?

Pengine tatizo ni uchache wa wataalamu wa usingizi. Pengine wapo wanaodhani tukielezwa tutatoroka. Lakini tusipoelezwa na nyinyi tunaelezana wenyewe, na wodini nimesikia mtu akiapa kuwa nusu kaputi hupunguza umri.

Ulipoingia ofisini uliahidi kwamba hakuna atakayepasuliwa bila kuelezwa. Tulikupigia makofi, na ahadi hiyo hatujaisahau.

Naomba jambo moja. Mgonjwa asiye wa dharura azungumze na mtaalamu wa usingizi siku moja kabla, kwa lugha anayoielewa. Aulizwe mzio, dawa anazotumia, hata jino linalolegea. Naye aulize, ajibiwe, ndipo asaini. Si mlangoni, si juu ya machela. Kabla.

Toa waraka, Mheshimiwa. Dada yangu anatakiwa kurudi kwa upasuaji wa pili mwezi ujao, naye anasema haendi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa