Mkiwaalika wazazi Korea, angalieni kwanza Chuseok iko lini

Mhariri, salamu. Mi ni msomaji wenu wa kwenye simu, niko huku Suwon, Korea Kusini, mwaka wa tatu sasa nasoma. Kwenye ukurasa wenu wa safari mliandika kwamba anayetaka kutembea Korea aje mwezi wa tisa au wa kumi, joto limepungua na baridi bado. Hali ya hewa mmepatia kabisa, sibishi. Ila mmesahau kitu kimoja ambacho mwaka jana kilinitoa jasho, nacho ni Chuseok.

Chuseok ni sikukuu yao ya mavuno, inaangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya zamani ya kufuata mwezi wa angani, kwa hiyo kwa kalenda ya ukutani inahamahama, 2024 ilikuwa 17 Septemba, 2025 ikawa 6 Oktoba. Na hiyo ya 2025 ilikuja ndefu ajabu, maana tarehe 3 ni siku ya kuzaliwa taifa lao, tano mpaka saba ndio Chuseok yenyewe, nane ya kufidia, tisa ni siku ya Hangul, yani ile siku ya maandishi yao. Siku saba mfululizo! Nilivyoiona ile kalenda nikasema hapa hapa, namleta mama, namleta dada na mtoto wake wa miaka tisa, chuo kimefungwa, nawatembeza mpaka wachoke.

Kumbe siku hizo kila mtu hayupo kazini, sio mimi peke yangu.

Niseme hivi ili mnielewe. Sisi kwetu ni Kibosho, na kila Mchaga anajua Desemba pale stendi ya Magufuli Dar inavyokuwa, nauli juu, watu na mabegi na mabeseni wote wanaenda Moshi. Sasa chukua hiyo uifanye nchi nzima, kabila zima, siku moja. Tiketi za treni za kipindi hicho zinauzwa mtandaoni wiki kadhaa kabla na zinaisha hapo hapo, mi nilikumbuka siku tatu kabla wageni hawajatua, nikaambiwa za kwenda Busan, ule mji mkubwa wa pwani kule kusini, hakuna hata tiketi ya kusimama. Na kwenda kwa basi? Barabara kuu serikali inafuta ushuru siku za Chuseok toka 2017 (kipindi cha korona walisitisha), kwa hiyo kila mwenye gari anaingia nalo barabarani, na Seoul mpaka Busan ambayo kawaida ni masaa manne na kitu inaweza kufika nane au zaidi. Mama alikuwa anaangalia taarifa ya habari, haelewi neno hata moja, anaona tu magari yamepangana taa nyekundu mpaka upeo wa macho, akasema "hawa nao wanaenda Kibosho."

Basi Busan ikafa hapo, tukabaki watu wanne kwenye chumba changu kimoja, mtoto analala chini ya meza ya kusomea na anafurahi kweli sababu sakafu huku ndio inapashwa moto.

Kilichoniuma zaidi ni dawa. Mama ana presha, dawa alizisahau juu ya friji nyumbani, na hakuniambia mpaka siku ya pili jioni anaanza kusema kichwa kinamgonga. Huku dawa ya presha huuziwi bila karatasi ya daktari, na zile kliniki ndogo za mtaani ambazo kawaida ziko kila ghorofa zote zimeandika karatasi mlangoni, tunafungua tarehe kumi. Nikazunguka kama kichaa. Rafiki yangu Mkorea ndio akaniambia kwa simu piga 129, ya wizara ya afya, au hata 119 ya dharura, watakwambia hospitali gani na duka gani la dawa lina zamu. Tukaenda hospitali moja, tukakaa masaa manne, mama hana bima, nikalipa hela ambayo nilikuwa nimepanga ni ya treni ya Busan. Kwa hiyo kama mnaandika tena huo ukurasa wenu wekeni hizo namba, na 1330 ya watalii ambayo wanapokea saa 24 na Kiingereza wanaongea. Na waandikieni wazazi waje na dawa za kutosha pamoja na karatasi ya daktari, tena ziwe kwenye begi la mkononi.

Chakula ni hivyo hivyo, siku yenyewe supamaketi kubwa nyingi zinafunga, yanabaki yale maduka madogo ya saa 24, ukitaka tambi za kuweka maji moto ni zako. Mi bahati nzuri ofisi ya maabara yetu ilinigawia boksi la sikukuu. Mama alivyolifungua akacheka mpaka akakaa chini, nyama ya kopo na chupa za mafuta ya kula zimepangwa kama dhahabu. Ndio zawadi zao hizo, wengine wanapeana shampuu, wengine matunda ya peasi kila moja limevalishwa soksi.

Sasa sio kwamba yote yalikuwa mabaya. Bibi mwenye nyumba wangu anakaa chini, asubuhi ya tarehe sita akatugongea akatuita tuone meza. Wanaita charye, wanawaandalia marehemu wao chakula, wali, samaki, matufaha, pombe ya mchele, na songpyeon, vile vikeki vya unga wa mchele vya umbo la nusu mwezi vinavyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Pembeni kuna picha ya mzee wake. Wanae walishaenda wiki chache nyuma kufyeka majani makaburini, huko kufyeka nako kuna jina lake, beolcho, na wakimaliza meza wanaenda tena kusalimia kaburi. Mama yangu Mkatoliki wa jumuiya, nilijua atakataa kuingia. Akaingia, akapiga ishara ya msalaba, akaitazama ile picha muda mrefu, hakusema kitu. Tulivyopanda juu akaniambia mpigie kaka yako, muulize majani kwenye kaburi la baba yenu yamefyekwa lini. Nikamwambia mama huku saa tatu asubuhi, kule ni saa tisa usiku. Akasema piga. Kaka kapokea anahema, anajua kuna msiba. Anaulizwa habari ya majani.

Ile sahani ya songpyeon tuliyopewa mama alikataa isirudi tupu. Nilikuwa na unga wa ngano na hiliki za kule Itaewon, mtaa wa Seoul wenye maduka ya wageni, tukakaanga maandazi, dada akashusha. Baada ya nusu saa wajukuu wa yule bibi wako mlangoni na sahani tena. Mama na yule bibi wakawa wanaongea kila mtu lugha yake na wanaelewana, mi nimekaa kati sina kazi.

Tukaenda na Seoul, tulikaa kwenye treni ya mjini kama saa moja. Majumba ya kifalme kama Gyeongbokgung yanakuwa bure siku za Chuseok, ila jiandaeni kusukumana, mtoto alipotea dakika kumi akapatikana anapigwa picha na watu waliovaa hanbok, yale mavazi yao ya asili.

Ombi langu mhariri ni dogo. Chuseok ya 2026 ni 25 Septemba, Ijumaa, na mapumziko yanaanza 24 mpaka 26. Andikeni hizo tarehe, maana vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi huku wapo na wazazi wanataka kuja. Anayetaka kuzunguka miji aje wiki mbili baadae, hali ya hewa ni ile ile na tiketi zipo. Mama yangu nimemwambia akija tena aje Mei. Amekataa, anasema anataka Chuseok, ameshamwahidi yule bibi maandazi.

Msomaji wenu, Suwon.