Barua kuhusu Melanctha

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na kuisoma mara mbili, hasa pale unaponiambia kwamba ulikifunga kitabu cha mwandishi Mmarekani Gertrude Stein, Three Lives cha mwaka 1909, ukiwa katika kurasa za mwanzo za hadithi ya Melanctha, kwa sababu ya namna msimulizi anavyomweleza Rose Johnson: mwanamke mweusi, mzuri wa umbo, mjinga, mwenye akili za kitoto, na mzembe hata kichanga chake kikafa. Hukukosea kuudhika. Mimi pia niliudhika, na hasira hiyo haijanitoka. Hata hivyo nakusihi ukifungue tena.

Tazama kwanza palepale palipokukera. Msimulizi anataja kicheko kipana anachokihesabu kuwa cha watu weusi, na papo hapo anasema Rose hakuwa nacho. Sifa aliyotaka kuwavika wote imemkataa mtu wa kwanza kabisa aliyejaribu kumvika.

Kisha sikiliza takriri, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Jeff Campbell, yule daktari chotara, anashikilia kwamba watu wake wanapaswa kuishi kwa utulivu, wasikimbilie misisimko. Anayasema hayo kwa Melanctha, mhusika mkuu wa hadithi, tena na tena, kwa maneno machache ya kila siku, na kila yanaporudi yamesogea kidogo, mpaka msomaji anatambua, kabla ya Jeff mwenyewe, kwamba moyo wake umeshahama. Hapo hatuambiwi tabia ya mhusika; tunaisikia akili yake ikitafuta njia. Stein alikuwa amesoma saikolojia kwa mwanasaikolojia William James, na udaktari huko Baltimore, mji unaotambulika nyuma ya Bridgepoint, mji wa kubuni wa hadithi, nami naamini sikio hilo la kufuatilia fikra hatua kwa hatua lilinolewa katika masomo hayo.

Lakini takriri hiyohiyo, ikitoka kinywani mwa msimulizi, inafanya kazi nyingine. Rangi ya mama yake Melanctha, weusi na ukali wa baba yake, vinarudiwa mpaka vinageuka hukumu, kana kwamba damu ndiyo inayoeleza kila kitu. Hilo silitetei.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mapenzi ya Jeff na Melanctha Stein alikwisha kuyaandika mwaka 1903, katika riwaya fupi Q.E.D., yakiwa kati ya wanawake weupe, na maandishi hayo hayakuchapishwa alipokuwa hai. Kwa hiyo mabishano yale yenye kina hayakutokana na rangi ya mtu yeyote. Nahisi alipata uhuru wa kuandika tamaa na maumivu yake kwa kuyavika miili ya watu weusi, akawaachia wao mzigo wa sifa ambazo asingezibandika kwa watu wa kwao.

Kati ya waandishi weusi, Richard Wright aliisifu hadithi hii. Claude McKay hakuona ndani yake jambo kubwa kuhusu maisha ya weusi. Mimi nawaelewa wote wawili, kwa kuwa naamini mmoja alisikia mazungumzo na mwingine akamsikia msimulizi.

Ukiifungua tena, anza na Jeff, usome kwa sauti. Halafu nenda mwisho, uone jinsi kifua kikuu na kifo cha Melanctha kinavyopewa sentensi chache tu baada ya maneno yote yale, uniandikie ulichohisi hapo.

Wako akupendaye daima.