Asante mzee wa Schiehallion, soksi zako ninazo

Jamani wacha nilisemee hadharani maana yule mzee sina namba yake wala jina lake. Jumamosi nilipanda Schiehallion, ule mlima wa Perthshire huku Uskoti wenye mita 1083, ambao mwaka 1774 mtaalamu wa nyota Maskelyne aliutumia kupimia uzito wa dunia, mimi uzito wangu tu ulinishinda. Chini njia ni safi kabisa, imejengwa vizuri inakatiza kwenye vichaka vya hetha, ila juu ni mawe matupu, njia huioni, ukungu ukashuka ghafla, simu imezima chaji na mguu nikautegua.

Nimekaa natetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa, mara mbwa huyo, nyuma yake mzee na fimbo mbili. Wala hakunigombeza (ningestahili, nilivaa raba za mjini). Akanivua soksi zilizolowa akanipa zake kavu, akanifunga bandeji, akanimiminia chai ya chupa, haina sukari lakini niliinywa kama uji wa futari. Halafu akatoa dira na ramani ya karatasi, tukawa tunashuka jiwe kwa jiwe, weka mguu hapa, hapo hapana panateleza. Masaa matatu hadi parking ya Braes of Foss, na pesa ya mafuta akaikataa.

Wabongo wenzangu mnaopanda milima huku, bebeni dira na soksi za ziada, hata kama si za kuvaa nyie. Na anayemfahamu mzee amwambie nimezifua, zile za kijivu zenye kiraka kisiginoni.